Mbio za Safari na Karakana Yetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Korogwe)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ninalolipenda nje ya kazi. Watu hudhani mtumishi wa Serikali hupenda mafaili tu. Mimi napenda mbio za magari, na ugonjwa huo niliupata hapa hapa shuleni.

Pasaka ya mwaka 1994 nilikuwa kidato cha pili. Nauli ya kwenda nyumbani Handeni haikupatikana, nikabaki bwenini na wenzangu wachache. Mlinzi wa shule alikuwa na redio ya betri iliyokamata matangazo ya Kenya. Ndipo tuliposikia kwamba Ian Duncan, Mkenya, ameshinda Mashindano ya Safari kwa Toyota Celica, na Mkenya mwenziwe Patrick Njiru amekuwa wa nne kwa Subaru. Tulishangilia kama tuliozaliwa nao tumbo moja. Mzee yule akacheka, akasema, "Nyinyi mnayasikia redioni, wanangu. Sisi tuliyaona kwa macho, vumbi likatujaa mpaka kwenye kope."

Alisema kweli. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalikuwa ya Afrika ya Mashariki nzima: Kenya, Uganda na kwetu, na milima yetu ya Usambara ilikuwa moja ya mitihani yake. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ilinyesha, magari zaidi ya 90 yakaondoka, yakafika 7 tu. Baadaye mbio zikabaki Kenya peke yake. Zilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, zikarudi mwaka 2021 huko Naivasha, na tangu mwaka huo hadi 2025 Toyota ilishinda mara zote tano.

Sasa msimu ninaoutazamia kuliko yote ni ule wa 2027, kwa sababu ya kanuni mpya za ubingwa wa dunia. Bei ya gari la daraja la juu imewekewa mpaka, euro 345,000. Najua, ndugu zangu, kwa fedha hizo tungejenga mabweni. Lakini magari yanayoachwa yalikuwa ghali zaidi kwa mbali, na vyombo vingi vya gari jipya vitatoka katika daraja la pili, ambalo madereva wa Afrika ya Mashariki wanalifahamu. Pengo kati ya mgeni tajiri na mwenyeji litapungua. Silioni likizibika mwaka mmoja, lakini mlango uliokuwa umefungwa kwa komeo sasa umerudishiwa tu.

Na atakayeingia mlango huo ni nani? Hapa nawaomba vijana mnisikilize. Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Mara ya kwanza aliendesha Volvo iliyokwisha tumika. Lakini Joginder kabla ya kuwa bingwa alikuwa fundi. Alijua chuma kinalia nini kabla hakijakatika.

Jambo la pili ni gumu kwangu kulisema. Kati ya wale tuliosikiliza redio ile Pasaka, mmoja alikuja kuwa dereva. Barabara ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, tuliyokuwa tukiipita kwa kutikiswa mpaka meno, ikatiwa lami. Mwenzetu akaipenda lami ile kupita kiasi. Mara nyingi nilikaa kando yake, naye akikata kona ananiuliza, "Duncan angeweza hii?" Nami nilicheka, nikamwambia hangeweza. Tulimzika mwenzetu huyo. Siku aliyokufa sikuwamo garini, lakini kicheko changu kilikuwamo.

Ningemwambia nini? Ningemwambia kwamba mwendo wa madereva wale unatoka kwenye daftari. Kabla ya mashindano hupita njia yote polepole, wakaandika kila kona na kila jiwe. Siku ya mbio msaidizi husoma, dereva hutii. Gari lina vyuma vya kuwakinga ndani, vichwani wana kofia ngumu, na barabara imefungwa. Barabara yetu haifungwi. Ina mama mwenye kuni, ina mtoto wa shule, ina ng'ombe wa Handeni anayejiona mwenye njia. Anayekimbia humo hashindani na mtu yeyote.

Ndugu Mwenyekiti, asubuhi nilipita karakana ya shule. Jiliwa tulizojifunzia zimeshika kutu, na kabati la spana lina madaftari ya zamani. Mimi nitaanza: natoa seti moja ya spana na jeki moja, viko nje kwenye gari langu. Wenzangu, kila mmoja akileta kifaa kimoja, na mmoja wetu akikubali kuja Jumamosi kufundisha, vijana hawa watafungua injini kwa mikono yao wenyewe. Kijana aliyeifungua injini na breki akaona jinsi zilivyo, huziheshimu.

Huenda mmoja wao siku moja akatajwa redioni. Na kama hatatajwa, basi afike nyumbani salama, nayo itatosha.