Chuo cha Umma au Chuo Binafsi: Hesabu ya Nyumbani kabla ya Kuthibitisha Udahili

Mada kwa wazazi, walezi na wahitimu wa kidato cha sita



Kila mwaka ifikapo Julai, Baraza la Mitihani hutangaza matokeo ya kidato cha sita, na punde dirisha la udahili wa vyuo vikuu hufunguliwa. Katika nyumba nyingi za katikati ya jiji, vigelegele vya matokeo hufuatwa na swali gumu: je, kijana aende chuo kikuu cha umma chenye maelfu ya wanafunzi, au chuo binafsi chenye madarasa madogo na ada kubwa?

Chimbuko la swali hili liko hatua chache kutoka sokoni. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake wa kwanza hawakufika 20. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Kwa miaka mingi aliyetafuta shahada nchini hakuwa na mlango mwingine ila wa serikali. Milango ya binafsi ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki kilianza kufundisha udaktari Mikocheni.

Ndiyo maana hadhi ya vyuo hapa nchini haikufuata njia ya Marekani, ambako vyuo vyenye majina makubwa kama Harvard ni vya binafsi. Hapa jina kongwe ni la chuo cha umma, na ada kubwa ni ya chuo binafsi. Mzazi anayeamini kwamba kilicho ghali ndicho bora anapima kitambaa kwa bei bila kukigusa, jambo ambalo hakuna mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo angekubali kulifanya dukani kwake.

Na uchukuliwe mfano wa mama mwenye fremu ya vitenge. Binti yake amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, lakini alama zake hazikumfikisha Muhimbili, ambako ushindani wa nafasi za udaktari ni mkali. Chuo binafsi kimemkubali kusoma udaktari anaoutamani tangu utotoni. Mlimani kimempa nafasi ya shahada ya sayansi. Mama anafikiri kuiachia fremu ili kilemba atakachopata kilipe ada. Huenda fedha hiyo ikatosha mwaka wa kwanza, na pengine wa pili. Lakini udaktari ni miaka mitano ya masomo, ukifuatwa na mwaka wa mafunzo kazini. Mwaka wa tatu utalipwa na nini, ilhali fremu imekwisha kuwa ya mtu mwingine na wadogo wawili wa binti huyo bado wako sekondari?

Mfano huu hauna maana kwamba chuo binafsi ni kosa. Daktari aliyehitimu chuo binafsi na yule wa chuo cha umma husajiliwa na baraza lile lile, na mgonjwa wa Amana hamuulizi mganga wake alisoma wapi. Katika darasa dogo mwalimu humjua mwanafunzi kwa jina, na anayelegea huonekana mapema. Katika chuo kikubwa kijana hukutana na wenzake wa kila mkoa na hutumia nyenzo ambazo vyuo vidogo hawana uwezo wa kuzijenga. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa mwaka 2018, ina nafasi ya kuketi watu 2,100. Hata hivyo, katika umati huo anayesubiri kusukumwa aweza kupotea bila mtu kumwona.

Kwa hiyo, kabla ya uamuzi, familia inapaswa kuketi pamoja na kujibu maswali manne.

La kwanza ni ithibati. Tume ya Vyuo Vikuu huchapisha mwongozo wa vyuo na programu zinazotambuliwa. Jina la chuo lisitazamwe peke yake. Programu yenyewe nayo itafutwe humo.

La pili ni gharama ya miaka yote, si ya muhula wa kwanza. Ziandikwe ada, malazi, chakula, nauli na vifaa. Anayeishi Gerezani aweza kupanda mwendokasi hadi Ubungo, kisha daladala hadi Mlimani, na kuepuka kodi ya chumba.

La tatu ni mkopo. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha wanafunzi wa vyuo vya umma na vya binafsi kwa kupima uhitaji. Lakini mkopo waweza usifikie ada yote, na ni deni: mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi alimalize.

La nne ni kijana mwenyewe. Asiamuliwe bila kusikilizwa, wala asiamue bila kuonyeshwa daftari la nyumbani.

Ikumbukwe pia kwamba milango haiko miwili tu. Binti wa mfano huu aweza kusoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu, na akifanya vizuri aombe udaktari baadaye. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, humwezesha mtu kusoma huku akiendelea na biashara. Chuo cha Elimu ya Biashara na Taasisi ya Teknolojia viko mwendo wa miguu kutoka Kariakoo.

Aliyekubaliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa, ndani ya muda uliowekwa. Siku hizo ni chache, na majuto yake huwa marefu. Wahenga wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla fremu haijaachiwa, miaka yote ya masomo na iandikwe kwenye ukurasa mmoja, mama na binti wausome pamoja, na kila mwaka uwe na jibu la nani atalipa.