Muwape wanafunzi yale madaftari

Mara ya mwisho inchi yetu kuhesabu watu wote ni 1984. Wengi wetu tulikuwa bado kuzaliwa. Sasa wakubwa wa mji watajua namna gani robine ngapi zinakosekana kwenye kartie?

Kwenye biro madaftari yamejaa vumbi. Kwenye iniversite kuko wanafunzi wanaojua kupanga hesabu kwa kompyuta. Lakini wakiomba staji, wanatumwa fotokopi na kununua mikate.

Wakubwa, muwape yale madaftari. Biro itapata hesabu safi, mwanafunzi atajifunza kazi ya kweli, raia atajua haki yake. Lakini muwalipe hata transporti, na majina ya watu yasitoke inje.

Asiyehesabiwa anasahauliwa. Sisi tunakataa kusahauliwa.