Mfano wa Kwanza Si Kazi Iliyokwisha

(Hotuba iliyotolewa Lalago, Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, mbele ya kamati za maendeleo za parokia na wafadhili)





Nimeombwa niseme machache kuhusu wanafunzi wanaojifunza kubuni na kuunda vitu, na namna ya kupima maendeleo yao. Mara nyingi kamati hutoa fedha, kisha siku ya maonyesho huuliza swali moja tu: "Kimekamilika?" Swali hilo laweza kuua kazi nzuri.

Tumtazame William Kamkwamba wa Malawi. Aliacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002. Akiwa na miaka 14 alisoma vitabu vya maktaba, akajenga mtambo wa upepo wa kuzalisha umeme kwa vipande vya baiskeli kuukuu, feni ya trekta na miti. Lakini kabla ya mtambo huo mkubwa alitengeneza mdogo wa kujaribia, uliotosha kuwasha redio. Huo mdogo ndio tunaouita mfano wa kwanza.

Hapa Tanzania, mjini Arusha, kipo kituo cha Twende. Mmoja wa waanzilishi wake ni Bernard Kiwia, fundi aliyebuni chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli. Wanaojifunza pale huchagua tatizo la watu wao, huunda kifaa kwa vitu vinavyopatikana, humpa mtumiaji akijaribu, kisha hurekebisha. Hata hapa wilayani kwetu Maswa, vijana wamejulikana kwa kutengeneza chaki.

Sasa vijana wanatuuliza pia juu ya uhalisia pepe, yaani picha za kompyuta zinazomfanya mtazamaji ajione yumo ndani yake. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa muundo wa miwani ya boksi: karatasi ngumu, lenzi mbili na simu ya kisasa. Simu huonyesha picha mbili, moja kwa kila jicho. Kichwa kikigeuka, simu huhisi, na picha nayo hugeuka. Mwanafunzi aliyesoma lenzi katika Fizikia anaweza kuelewa kwa nini.

Basi tununue miwani au zana za karakana? Ndugu zangu, inategemea kijana anataka kujua nini. Kama ni darasa ambalo halijajengwa, picha itawasaidia wazazi kuingia ndani na kusema dirisha lihamishwe kabla tofali halijawekwa. Lakini picha haina uzito. Haitakuambia kama mpini wa mashine ya kupukuchua mahindi unamchosha mama, au kama mnyororo utakatika kwa vumbi la kiangazi. Hayo hujulikana kwa mkono tu.

Kwa hiyo naziomba kamati mambo matatu. Kwanza, bajeti iwe na fungu la kurudia: msimalize fedha zote kwenye jaribio la kwanza. Pili, taarifa ya mwanafunzi iseme nani alikitumia kifaa, nini kilivunjika, na amebadilisha nini. Tatu, wanaojaribu wawe watumiaji wenyewe: mkulima wa pamba, mama anayechota maji, mzee asiyeona vizuri. Mgeni rasmi apewe nafasi baada yao.

Nanyi wafadhili, mkiletewa picha ya kifaa kilichovunjika, msidhani fedha zimepotea. Ulizeni cha pili kikoje. Kama hakuna cha pili, hapo ndipo pa kuhoji.

Tunakumbuka mtumishi aliyeifukia talanta yake ardhini. Aliifukia kwa sababu ya woga. Tukimwaibisha kijana kwa jaribio lililoshindikana, tunamfundisha woga uleule, naye mwakani atatuletea kitu alichonunua dukani ili tumpigie makofi.

Mungu aibariki mikono ya vijana wetu.