Komba wa Kipsing na Njia Yake ya Matawini



Mchungaji anayelala na mifugo karibu na laga anamjua komba. Ukimulika tochi kwenye mgunga usiku, yale macho mawili yanayong'aa kisha yakaruka ni yake. Ni mnyama wa takribani gramu 200 tu, hafiki hata robo kilo ya sukari, na mkia wake ni mrefu kuliko mwili. Mchana hulala kwenye shimo la mti au kiota cha majani. Jua likizama huanza safari, na sehemu kubwa ya safari hiyo hupita juu kwa juu, mti hadi mti.

Chakula chake ni wadudu na utomvu wa migunga. Mvua ikinyesha wadudu hujaa. Kiangazi wadudu hupungua, na utomvu ndio humvusha. Mti mmoja haumtoshi, kwa hiyo usiku mmoja hulazimika kuzunguka miti mingi.

Kuruka anajua sana. Komba aliyewahi kupimwa aliruka zaidi ya mita 2 kwenda juu kutoka alipokuwa ametulia. Lakini pengo kati ya miti likimzidi, hana budi kushuka. Chini anadundadunda kwa miguu ya nyuma, na huko wanamngoja kanu, paka-mwitu, bundi na mbwa wa boma. Dume changa linalotafuta eneo lake nalo hukwama. Miti iliyobaki kama kisiwa hubaki na komba wachache wanaozaana wenyewe kwa wenyewe.

Ubaya ni kwamba pengo hilo hufunguka kiangazi, wakati uleule komba anahitaji kutembea zaidi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Ukame wa namna hiyo ukija, mfugaji hukata matawi kuokoa mbuzi, na gunia la makaa huwa ndiyo pesa ya unga. Hakuna wa kumlaumu mama anayelisha watoto. Lakini tawi huchipuka tena, ilhali mgunga uliokatwa shinani hauwezi kurudishwa na mtoto wa leo kabla hajawa mtu mzima.

Kule Diani, Kaunti ya Kwale, barabara ya lami iliigawa miti ya pwani. Tangu miaka ya 1990 ngazi zimetundikwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa, na kima na tumbili huzitumia pia. Kutundika ngazi kando ya laga nzima ya Kipsing ni gharama isiyo na maana wakati migunga bado imesimama.

Ombi kwa mkata kuni ni achukue matawi na kuacha shina. Miti inayogusana matawi kando ya laga isitolewe wa katikati. Mti wenye shimo uachwe, hata ukionekana mzee. Ni migunga hiyohiyo inayodondosha maganda ambayo mbuzi huyaokota nyasi zikiisha.

Wazee wa malisho wanaijua laga hii kuliko ofisi yoyote. Wao ndio wa kukubaliana ni sehemu gani shoka lisiingie, na kuzitangaza manyattani kabla ya kiangazi kijacho.