Pikipiki Iliyoingia Maji: Tafuta Hitilafu Kabla ya Kununua Vipuri

Mada kwa waendeshaji bodaboda na mafundi wa pikipiki



Mto Tana ulipofurika wakati wa mvua za masika za mwaka 2024, maji yaliingia majumbani na kufunika barabara. Pikipiki nazo hazikusazwa. Kwa mwendeshaji, pikipiki iliyozama ni unga wa jioni, ni karo ya watoto, na mara nyingi ni mkopo wa chama ambao haujaisha.

Matope huoshwa siku moja, lakini umeme husumbua miezi baadaye. Maji huingia kwenye viungio vya nyaya, hupenya chini ya ganda la waya na kula shaba polepole. Pikipiki ya zamani, ambayo ganda la nyaya zake limepasuka kwa jua na mtikisiko, huumia zaidi.

Chukua mfano wa mwendeshaji ambaye pikipiki yake ilikauka, ikawaka, ikarudi stejini. Wiki tatu baadaye taa ya mbele ikaanza kufifia, honi ikapoteza sauti, na injini ikawa inazima kwenye matuta. Akanunua betri, hali ikawa ile ile. Akanunua CDI, hali ikawa ile ile. Usiku mmoja akiwa amembeba mama mjamzito kuelekea zahanati, taa ikazima njiani. Safari ikamaliziwa kwa tochi ya simu. Kumbe kosa lilikuwa boliti moja yenye kutu, ile inayoshika waya wa ethi kwenye fremu. Dawa yake ilikuwa kipande cha msasa.

Kabla ya kuwasha

Pikipiki ikitolewa majini, ufunguo usiguswe. Betri itenganishwe kwanza, ukianza na waya wa hasi. Oili ikaguliwe: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini na oili hiyo imwagwe. Viungio vyote vifunguliwe, vioshwe kwa maji safi yasiyo na nguvu, kisha viachwe vikauke kabisa penye upepo.

Kufuata njia ya umeme

Fundi mzuri hakisii. Huanzia kwenye betri na kufuata umeme hatua kwa hatua: betri, fyuzi, swichi ya ufunguo, kisha matawi ya taa, honi na indiketa. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.6 au zaidi kidogo. Vitu vyote vikifa pamoja, kosa liko kabla ya matawi kugawanyika. Kikifa kimoja, kosa liko kwenye tawi lake.

Taa ikiwa hafifu, waya wa ziada uunganishwe kutoka hasi ya betri hadi kwenye ethi ya taa hiyo. Mwanga ukiongezeka, ethi ndiyo mbovu. Isuguliwe hadi chuma king'ae, ikazwe, ipakwe grisi.

Mita pekee inaweza kudanganya. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba bado utailiza mita, ilhali hauwezi kubeba umeme wa taa. Kwa hiyo waya upimwe kwa balbu ya volti 12. Ukiwaka hafifu, ganda lichunguzwe. Shaba iliyogeuka kijani au nyeusi ikatwe na kipande kibadilishwe.

Fyuzi ikiungua mara kwa mara, isibadilishwe kwa waya au karatasi ya sigara. Hivyo ndivyo pikipiki hushika moto. Taa zote zizimwe, balbu iwekwe mahali pa fyuzi, kisha matawi yachomolewe moja baada ya jingine. Tawi ambalo likichomolewa balbu huzima, ndilo lenye shoti.

Injini ikikosa cheche

Katika pikipiki nyingi za zamani, CDI hupata umeme kutoka kwa magneto, na swichi ya ufunguo huzima injini kwa kupeleka waya mmoja kwenye ethi. Maji yakibaki ndani ya swichi, injini hukaa kama imezimwa. Fundi akichomoa waya huo na cheche ikarudi, CDI ni nzima. Swichi ndiyo ya kusafishwa au kubadilishwa.

Mwisho, chaji ipimwe injini ikinguruma kwa kasi ya wastani. Kati ya volti 13.5 na 14.5 ni sawa. Ikizidi 15, regyuleta imeharibika na itaua betri mpya.

Kazi hii huchukua asubuhi moja, balbu moja na subira. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na taa ikizima usiku, anayeumia si mwendeshaji peke yake, bali hata abiria aliyemwamini.