Uvimbe Usiouma: Jinsi Saratani ya Titi Inavyotembea Mwilini

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutazungumza kuhusu saratani ya matiti, na hasa swali ambalo kina mama huniuliza mara nyingi: "Sista, uvimbe ulikuwa kwenye titi. Umefikaje kwenye mgongo?"

Ni swali zuri. Ukilielewa jibu lake, utaelewa pia kwa nini tunakusihi usingoje.

Mwili wetu umejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Seli hizi hazikai ovyo ovyo. Fikiria nyumba ya udongo. Fito hufungwa kwenye nguzo kwa kamba, ndipo udongo ukakandikwa. Kamba zikiwa imara, nyumba husimama. Kamba zikioza, fito huachana.

Seli nazo zina kamba zake. Kamba hizo ni protini zinazokaa juu ya ngozi ya seli, na kazi yake ni kushikanisha. Leo nitataja aina mbili tu.

Ya kwanza inaitwa kadherini. Ni kama mkono unaotoka kwenye seli moja na kushikana na mkono wa seli jirani. Mwanasayansi wa Japani, Masatoshi Takeichi, ndiye aliyeipa jina hilo katika miaka ya 1980. Ili mkono huu ushike vizuri unahitaji madini ya kalsiamu. Lakini mama, usinielewe vibaya. Hii si kusema kwamba ukinywa maziwa mengi hutapata saratani.

Ya pili inaitwa integrini. Hii haishiki jirani, inashika ardhi. Kati ya seli na seli kuna nyuzinyuzi ngumu, na integrini huzishika nyuzi hizo ili seli ijue mahali pake na itulie hapo.

Sasa tazama saratani inavyofanya. Saratani nyingi za titi huanzia ndani ya mirija ya maziwa. Mrija huo umezungukwa na utando mwembamba, kama ua la boma. Seli zenye saratani zikiwa bado ndani ya ua, hazijaenda popote, na matibabu wakati huo hufaulu sana. Lakini zikiendelea kubadilika, baadhi hulegeza kamba za kadherini. Hutoa vimeng'enya vya kukata utando, zikatoboa ua na kutoka. Wakati mwingine hutoka moja moja, wakati mwingine hutoka kwa vikundi zikiwa bado zimeshikana.

Zikishatoka, hutumia ile integrini kutembea. Umewahi kupanda mlima wenye utelezi wakati wa mvua? Unashika kichaka cha mbele, unajivuta, ndipo unaachilia cha nyuma. Seli ya saratani hufanya vivyo hivyo. Inanyoosha sehemu ya mbele, integrini zinashika nyuzi, inajivuta, kisha za nyuma zinaachilia. Ikishika kwa nguvu kupita kiasi, haiwezi kusonga. Ikishika kwa ulegevu, inateleza. Nyuzi zikiwa zimenyooka kuelekea nje ya uvimbe, huwa kama njia ya miguu iliyokwisha kufyekwa.

Mwishowe seli hufika kwenye mishipa midogo ya limfu au ya damu. Njia ya limfu kutoka kwenye titi huelekea zaidi kwapani. Ndiyo sababu daktari akikupima titi hugusa pia kwapa. Kwa njia ya damu zinaweza kufika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Huko nako lazima zishike mahali ndipo ziote.

Mwaka wa 1889, daktari wa upasuaji wa London aitwaye Stephen Paget alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi. Aliona kwamba ugonjwa haukuenea kwa bahati tu. Akaulinganisha na mbegu: mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota kwenye udongo unaoifaa. Mwaka wa 2015 watafiti walionyesha kwamba seli za saratani hutoa vifuko vidogo sana vyenye integrini, na aina ya integrini husaidia kuamua kama ugonjwa utaelekea kwenye mapafu au kwenye ini.

Sasa mama, yote haya yanakuhusu vipi?

Kwanza, safari hii yote haina maumivu. Seli ikiachilia kamba yake husikii. Uvimbe wa saratani kwenye titi mara nyingi hauumi mwanzoni. Kwa hivyo usiseme, "Hauniumi, nitangoja mavuno yaishe."

Pili, si kila saratani ya titi hutoa uvimbe kama kokoto. Kuna aina inayoanzia kwenye vijifuko vinavyotengeneza maziwa. Ni kama 10 hadi 15 kati ya kila saratani 100 za titi. Kwa kawaida seli za aina hii zimepoteza kadherini, kwa hivyo hazishikani zikawa donge. Hutembea mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. Mwanamke husikia tu kwamba sehemu ya titi imekuwa nzito au ngumu kuliko zamani. Akina mama, hiyo pia ni dalili.

Tatu, nyinyi mnaonyonyesha. Hapa nitawaambia kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja akiwa na mtoto wa miezi minne. Alikuwa na uvimbe kando ya titi. Nilimgusa, nikamwambia, "Ni maziwa yaliyoganda, kanda kwa maji ya moto." Sikumpa tarehe ya kurudi. Alinisikiliza kwa sababu mimi ni muuguzi. Aliporudi, mtoto alikuwa anatembea, na kwapani kulikuwa na tezi zilizovimba. Anaendelea na matibabu hadi leo, lakini ni matibabu marefu kuliko yale ambayo yangehitajika. Tangu siku hiyo, kila mama mwenye uvimbe namwandikia tarehe ya kurudi baada ya majuma mawili. Uvimbe wa maziwa huisha. Usipoisha, rudi. Na ukiambiwa tena ni maziwa, omba upelekwe kwa daktari. Si utovu wa adabu, ni haki yako.

Nne, ule uvumi wa kisu. Wengi husema, "Ukichokora uvimbe, saratani inatawanyika." Umesikia jinsi inavyotembea. Haingoji sindano ya daktari. Ina mikono yake yenyewe. Kile kipimo cha kuchukua kinyama kidogo cha uvimbe ndicho kinachotuambia ni ugonjwa gani na dawa gani itafaa. Utafiti haujaonyesha kwamba kipimo hicho hufupisha maisha ya mgonjwa. Kinachofupisha maisha ni kuchelewa.

Tano, usinunue unga au chupa za "kufunga saratani isitembee." Wanasayansi wamejaribu dawa za kuzuia integrini. Moja ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya ubongo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014 yalionyesha kwamba haikuwaongezea maisha. Tiba ya saratani ya matiti ni upasuaji, mionzi, dawa za kemikali, dawa za homoni na nyingine zinazolenga aina fulani ya uvimbe. Hupewa kulingana na majibu ya vipimo.

Kabla hatujaagana, shika dalili hizi. Uvimbe au ugumu kwenye titi au kwapani. Ngozi ya titi kuwa kama ganda la chungwa au kubonyea. Chuchu kuingia ndani wakati haikuwa hivyo. Damu kutoka kwenye chuchu. Kidonda cha chuchu kisichopona. Titi kuwa jekundu na kuvimba, na dawa za kuua viini zisisaidie. Ukiona moja kati ya hizi, nenda kituo cha afya juma hilo hilo. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini mkono wako hauwezi kujua tofauti.

Na wewe baba unayesikiliza pembeni, mpe mkeo nauli na umsindikize. Wanaume pia hupata saratani ya titi, ijapokuwa ni wachache.

Usiku wa leo, mtoto akishalala, jiguse matiti yote mawili na makwapa. Kesho mwambie dada yako, mama mkwe na jirani wafanye vivyo hivyo.