Sura Yako, Rangi Yako

Leo kila mtu atachora sura yake. Kompyuta itaigawa picha yako katika vivuli vinne. Ichapishe, ibandike kwenye kioo cha dirisha, weka karatasi juu, fuatisha mistari.

Sasa shika makapeni. Anza na njano, halafu chungwa, kahawia, mwisho bluu iliyokoza. Rangi nyepesi hutangulia, maana haiwezi kufunika nzito.

Umeona? Ngozi yako si “nyeusi” tu. Ni rangi juu ya rangi. Weusi wake unatokana na melanini, kinga dhidi ya mionzi ya jua. Sasa mbona unaifuta kwa mkorogo? Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, nayo huharibu figo.

Karatasi ukiiharibu, utachukua nyingine. Ngozi je?